Baba Mkwe Alipopotelea Sebuleni

Kinyozi hajinyoi. Mimi ni fundi rangi, miaka inakaribia ishirini napaka nyumba za watu hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi mpaka Igoma, na ya kwangu ilikaa na plasta tupu tangu tuhamie. Mama Neema alivumilia, alivumilia, hadi siku baba yake alipopiga simu kutoka Ukerewe kwamba anakuja kukaa wiki mbili.

"Baba Neema, baba yangu halali pangoni."

Akanisukumia simu yake: picha ya sebule, ukuta mmoja rangi ya chungu kilichochomwa, mingine rangi ya mchanga, kochi la kahawia, vimito vyeupe. Nikaitazama sekunde tatu nikasema, "Hiyo tu? Keshokutwa unaipata."

Hesabu yangu haikuwa na kasoro. Sebule ni mita 4 kwa 5, kimo mita 3. Kuta zote ni mita za mraba 54, ukitoa mlango na madirisha zinabaki kama 47. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliolainishwa inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja (yaani tabaka moja), kwa hiyo mikono miwili inakula lita 9 na nusu hivi. Stoo nilikuwa na ndoo nzima ya lita 20, nyeupe, iliyobaki kazini (mwenye nyumba alinipa mwenyewe, msianze). Mteja ningemwambia bila kupepesa macho: rangi nzito kama ya chungu kainunue dukani ikiwa imeshachanganywa, kwa sababu duka linaanzia kwenye rangi ya msingi isiyo na weupe mwingi. Lakini mteja nilikuwa mimi, na huyo mteja ni bahili. Nikanunua vichupa vya rangi ya kuchanganyia: oksaidi nyekundu, oksaidi ya njano, kahawia na nyeusi.

Usiku nikagawa ndoo mara mbili, nikaanza kukoroga. Sasa, ukitia oksaidi nyekundu kwenye rangi nyeupe hupati chungu. Unapata ufizi. Nikaongeza njano, ufizi ukawa na homa. Nikaongeza nyekundu tena. Nilikuwa nachanganya chini ya ile taa ndefu ya stoo yenye mwanga mweupe wa kibluu, na mwanga ule huzizima rangi za joto: nyekundu na njano zinaonekana zimefifia, mkono unakushawishi uongeze. Halafu rangi ya maji ikiwa mbichi inaonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka. Hayo yote huwa namfundisha kijana wangu wa kazi. Usiku ule yeye alikuwa kwao, amelala.

Nusu ya pili nikaifanya kijivu cha kutuliza macho, kwa njia ya mkato: nyeupe na tone la nyeusi, basi.

Asubuhi tukapiga mkono wa kwanza: kuta mbili ndefu chungu, mbili fupi kijivu. Mpaka saa sita mambo yalikuwa mazuri, nikapiga na picha. Tatizo ni kwamba madirisha ya sebule yangu yanatazama magharibi, ziwani, kule jua linakozamia ng'ambo ya Sengerema. Saa kumi na moja jioni jua likaingia lenyewe, na jingine likaruka kutoka kwenye maji. Ukuta ukawaka. Haikuwa chungu tena, lilikuwa papai lililoiva kupita kiasi, na kwa kuwa kuta mbili za papai zinatazamana, kila moja inamwagia mwenzake, hata dari jeupe likapata manjano. Mama Neema akaingia na sinia la mchele, akatoka, akaingia tena.

"Na hii bluu umeitoa wapi?"

"Bluu ipi? Hiyo ni kijivu."

"Baba Neema. Hiyo ni bluu ya sare ya shule."

Nilitaka kubishana, lakini alikuwa sahihi. Kijivu cha nyeupe na nyeusi kina ubaridi wa asili, na ukikiweka jirani na rangi ya machungwa jicho linakisukuma kwenye bluu kabisa. Kipake peke yake ni kijivu. Kiweke kando ya papai, kengele inalia wanafunzi waingie darasani. Chumba cha rangi za udongo kinataka kijivu chake kitengenezwe kwa kahawia na njano kidogo, nyeusi ikae kwenye kichupa chake.

Fundi mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaenda kulituliza papai kwa kahawia. Vichupa vitatu, kisha cha nne kwa hasira. Nikapiga mkono wa pili usiku uleule, taa zinawaka, madirisha wazi ili hewa ipite, maana baba mkwe alikuwa anapanda meli kutoka Nansio, kule Ukerewe, kesho yake.

Anayekaa kando ya ziwa ameshajua kilichofuata. Wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa tanuri, hawaumi, hawali chakula chako, shida yao ni taa. Waliingia wingu zima, wakazunguka balbu, wakachoka, wakatua ukutani. Ukuta ulikuwa mbichi. Kosa langu la saba au la nane, sihesabu tena, lilikuwa kuchukua kitambaa na kuwafuta. Mdudu mmoja aliyefutwa kwenye rangi mbichi ni mstari wa sentimita kumi. Dawa yake ni kuzima taa, kufunga madirisha na kuwaacha wakauke nayo. Asubuhi unawapangusa kwa brashi kavu, unapitisha msasa laini namba 220, unagusia rangi. Mimi nilikuwa na mistari kama daftari.

Baba mkwe akafika. Mzee mpole, kaunda suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akatazama kuta, akatazama kochi letu la kahawia, mapazia ya kahawia aliyoyanunua Mama Neema kwa imani yake kwangu, na sakafu ya oksaidi nyekundu. Akasema tu, "Mmejipanga." Akakaa.

Siku ya tatu nilirudi kazini saa kumi na moja, jua la ziwani limenipiga machoni njia nzima. Nikaingia sebuleni sioni kitu zaidi ya giza la rangi ya kahawa, begani nina begi la vifaa: rola mbili, chuma za kukwangulia, kopo la nusu lita. Nikafanya kama nifanyavyo kila siku, nikalitupa kochini.

Kochi likasema, "Yesu wangu!"

Nilimtupia begi baba mkwe. Mapajani. Mzee alikuwa amesinzia, kahawia juu ya kahawia mbele ya kahawia, kimya kama samani. Nikapiga magoti naomba radhi, naye akajaribu kuninyanyua, na alipoegemea ukuta ili asimame bega lote likatoka na rangi. Hilo nalo lina sababu yake: ukizidisha rangi ya kuchanganyia, rangi haishiki vizuri, inabaki laini, inaachia vumbi ikiguswa. Mtaani walikuwa wameshazoea. Ukikutana na mtu ana bega la chungu unajua katoka kwangu.

Usiku Neema, ana miaka kumi na mbili, akapiga picha ya sebule kwa simu akaigeuza nyeusi na nyeupe kwa mchezo wake. Kochi, pazia, ukuta, vyote kijivu kimoja. Babu yake alikuwa humo, tukamtafuta kwa miwani. Kipimo hicho mimi huwatoza watu hela: rangi za joto zinapatana kirahisi, ndiyo maana unajisahau, unaziweka zote kwenye uzito mmoja na chumba kinakosa mwanga na kivuli.

Nikaanza upya. Msasa kuta zote, kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, mkono mmoja wa rangi ya kuzuia ili ule ulaini usipande juu. Kuta tatu nikazipa rangi ya mchanga: nyeupe, oksaidi ya njano, kahawia kidogo sana. Chungu nikakinunua dukani, galoni moja ya lita 4, nikakipaka ukuta mmoja tu, ule wenye madirisha, kwa sababu jua la jioni linapita ndani yake na haliugusi. Kabla ya hapo nilipaka kipande cha ubao wa sentimita 60 mikono miwili, nikakizungusha chumbani asubuhi, jioni na usiku chini ya taa. Nilikilinganisha na lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba pia, maana majabali yetu yana mpangilio wake: mwili mzima kijivu cha mchanga, halafu michirizi michache ya kutu. Kutu ikiwa nyingi, jiwe lingekuwa papai. Kochi likapata kitambaa cha krimu, vyuma vya madirisha nikaviacha vyeusi.

Krismasi baba mkwe akarudi. Mama Neema alinipigia nikiwa kazini kuniambia mzee amefika, kashona kaunda suti mpya rangi ya maziwa, anasema safari hii ameamua aonekane.

Nikafika saa kumi na moja, macho yamejaa jua. Begi nikaliacha kibarazani. Nikasimama mlangoni, nikaiamkia sebule nzima, "Shikamoo baba," nikasubiri nisikie marahaba itatokea upande gani.