Kobe Wangu na Shangazi Watatu

Nianze na Shangazi Mkubwa, maana hata siku ile mambo yote yalianza alipoketi.

Aliketi nyuma, upande wa kulia. Kwenye gari jingine lolote hapa Tanga, nani akae wapi ni ugomvi wa dirisha tu. Kwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1969, nyuma kulia ni suala la uhai. Mimi mwenye gari sikuwa nalijua hilo. Yeye ndiyo kabisa.

Kobe nilimnunua kwa mwalimu mstaafu kule Raskazone, alikokuwa amelala miaka tisa kando ya banda la kuku. Kuku walikuwa wameshahamia. Kiti cha dereva nilikikuta na mayai manne na mama yao, ambaye alinidonoa mkono nilipotaka kushika usukani. Tukapatana milioni moja na laki mbili, kuku abaki.

Nilikuwa nimeshaambukizwa ugonjwa wa hotirodi. Kwa asiyeujua: huko California, miaka ya 1930 na kuendelea, vijana walichukua Ford kuukuu, hasa zile za 1932 zilizotoka na injini ya V8, wakang'oa mabawa, boneti na kila kisichosaidia kukimbia, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama lile la Muroc. Baadaye wakaanza kuzichora ndimi za moto ubavuni. Picha hizo nimezitazama mpaka bando likaisha. Neno moja tu nililipita bila kulisoma: kavu. Ziwa kavu, jangwa kavu, hewa kavu. Mimi naishi mahali ambapo chumvi haitoki kwenye kikopo bila kupigwa kofi, na mkanda wa suruali huota ukungu ukiwa kabatini.

Mke wangu aliuliza kwa nini nisinunue gari kama watu. Nikamwambia Kobe si gari la kudharauliwa, mwaka 1962 aina yake ilishinda mbio za Safari, Kenya, Uganda na Tanganyika nzima. Akasema, "Na tangu hapo?"

Basi nikaanza. Nikamshusha chini. Nyuma matairi mapana, kabureta mbili badala ya moja, silensa nikaitoa ili ajulikane anapokuja. Rangi ya chungwa lililoiva, ndimi za moto kuanzia taa za mbele hadi milangoni, na kwenye mfuniko wa injini nikaandikisha MOTO WA PWANI. Fundi rangi alikuwa anachaji kwa herufi, ndiyo maana jina halikuwa refu.

Kumtengeneza ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kumlinda. Tanga kivuli kipo, ila hakuna kivuli cha bure. Ukimweka chini ya mwarobaini, ndege wanampaka chokaa. Chini ya mkungu, popo wanakula usiku kucha na kukurudishia makapi. Chini ya mwembe, utomvu. Chini ya mnazi nilijaribu wiki moja. Usiku wa nne, saa kumi alfajiri, nikasikia kishindo, nikatoka na panga nikijua ni wezi. Nazi ilikuwa imeketi katikati ya boneti, kwenye shimo la kiasi chake. Sikuwa na wa kumkamata, nikaifua ile nazi, tukaungia maharage.

Nikaenda kununua turubai. Nikamfunika Kobe gubigubi kama maiti, nikalala usingizi wa amani miezi mitatu. Nilichokuwa nafanya, kumbe, ni kumpika. Mchana jua linapiga, Kobe anatoka jasho humo ndani. Usiku upepo wa bahari unaleta chumvi, jasho halina pa kwenda. Siku ya kumfunua, rangi imevimba malengelenge. Fundi bodi akachukua bisibisi, akaigusisha chini ya mlango, ikazama hadi kwenye mpini.

"Hapa chuma kilishahama," akasema. "Imebaki rangi na heshima."

Akanishauri nipake oili chafu tumboni, dawa ya wazee. Nikapaka lita tano. Kutu ilipungua kweli, ila Kobe alidondosha oili mtaa mzima, na paka mweupe wa jirani akawa wa madoadoa. Jirani hajanisamehe. Paka naye anapita mbali.

Sasa sikiliza hii, ndiyo yenyewe. Betri ya Kobe haikai mbele. Mbele ni buti na tangi la petroli. Haikai nyuma, nyuma ni injini. Inakaa chini ya kiti cha abiria, nyuma kulia. Wajerumani waliona ni sawa. Tindikali ikidondoka kwa juu na chumvi ya Tanga ikila kwa chini, bati la pale lilikuwa limebaki kama kaki. Fundi akalikata, akaweka kipande cha plaiwudi, akakipaka rangi nyeusi, akapiga mikono pamoja. "Umeisha huo." Nikamshukuru.

Betri ya zamani ilikuwa imekufa, nikapata nyingine ya gari jingine, imezidi urefu vidole viwili tu. Kifuniko cha kuziba terminali sikukikuta. Nadhani kuku walikuwa na matumizi nacho. Kiti chenyewe nilimpelekea fundi magodoro wa Ngamiani, akakijaza usumba, makumbi ya nazi, kitu chepesi kinachopitisha hewa na kinafaa sana kwa joto letu. Pia kinawaka vizuri sana, lakini hilo halikutajwa kwenye bei.

Kwa hiyo pale palikuwa na springi za chuma kwa juu, usumba katikati yake, terminali za betri wazi kwa chini, na nafasi ya vidole viwili ambayo haipo. Msomaji mwenye akili ameshaona tunakokwenda. Mimi sikuwa na akili, nilikuwa na hotirodi.

Binamu yangu akapata mchumba Pongwe. Akaomba aende kuoa ndani ya Moto wa Pwani, na shangazi zetu watatu wamsindikize. Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika, jua la kukaanga vitumbua juu ya bati. Wale shangazi walikuwa wamejifukiza udi tangu asubuhi: nguo, nywele, mikoba, mpaka viatu vilipitishwa juu ya chetezo. Mtaa mzima ulinukia.

Kobe ana milango miwili tu. Nyuma huingii, unapakiwa. Akaanza Shangazi Mdogo akiwa na mrashi wa marashi, akafuata Shangazi wa Kati na kapu la vileja, akamalizia Shangazi Mkubwa, nyuma kulia, na sinia la halua mapajani. Shangazi Mkubwa ni mtu mwenye uzito katika ukoo, kwa maana zote. Bwana harusi akaketi mbele kwa joho, kilemba na upanga wa kuazima, magoti yake hatua moja kutoka kwenye tangi la petroli. Hilo sikuona haja ya kumweleza siku ya furaha yake.

Niseme na hili, madirisha ya nyuma ya Kobe wangu hayafunguki. Na hita, ambayo huchukua joto la injini na kulileta miguuni mwa abiria, ilikuwa imekwama kwenye "wazi" tangu enzi za mwalimu. Ukiwa Berlin mwezi Januari utamwombea dua aliyeibuni.

Tukatoka Ngamiani kwa shangwe, watoto wanakimbia nyuma, ekzosi inapiga mizinga. Tukashika barabara ya Segera. Karibu na stendi ya Kange kuna tuta. Gari lililoshushwa halipandi tuta, linalibembeleza, kiubavuubavu. Nikalibembeleza. Mbele likapita. Nyuma likadunda, Shangazi Mkubwa akaenda juu na sinia lake, akarudi chini na sinia lake, na mimi nikasikia kitu kama mtu anasonya: tsss.

Nikadhani ni yeye.

"Dada," akasema Shangazi wa Kati baada ya kitambo, "udi wako huu wa wapi? Mbona mkali hivi?"

"Wa Unguja," akajibu Shangazi Mkubwa kwa madaha. "Mwanangu kaniletea."

"Mashallah. Unakaa nguoni," akadakia Shangazi Mdogo. "Mpaka moshi unauona."

Nami mbele nikatikisa kichwa, kweli udi mzuri. Bwana harusi akapiga chafya mbili. Redio ikanyamaza.

"Mwanangu," Shangazi Mkubwa akaniita, sauti imebadilika kidogo, "hii hita yako huku nyuma mbona inapiga kwa chini?"

Nikatazama kwenye kioo. Shangazi sikuwaona. Niliona wingu, na ndani ya wingu, mrashi.

Nilikanyaga breki na kuzima injini papo hapo. Hapo ndipo nilipojifunza maana halisi ya milango miwili. Ili wa nyuma watoke, wa mbele atoke kwanza. Wa mbele alikuwa na upanga. Alipojitupa nje, upanga ukakingama mlangoni, kitako huku, ncha kule, naye anauvuta kwa nguvu kama anayetaka kuingia vitani na mlango hautaki. Nyuma yake shangazi watatu wanasoma Yasini kwa kasi ambayo sijaisikia tena.

"Ugeuze!" nikapiga kelele. "Ugeuze usimame!"

Akasimama yeye. Kilemba kikagonga dari.

Shangazi Mkubwa hakungoja. Alipita upande wangu, juu ya kiti changu, nikiwa bado nimekikalia nusu. Sijui alipitaje. Sinia lilitoka naye, na halua haikumwagika hata chembe. Kuna malezi humu duniani.

Madereva wa bodaboda wa Kange walishafika, na Mtanzania akiona gari linafuka moshi ana tiba moja tu.

"Maji! Fungua rejeta!"

"Halina rejeta!"

"Limeibiwa?"

"Halijawahi kuwa nayo! Linapozwa na upepo!"

Wakatazamana. Mmoja akaniuliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "Sasa kaka, unatembeaje bila rejeta?" Moshi unazidi, na mimi nimesimama kando ya barabara kuu naeleza injini inayopozwa na feni, mkanda wake, na kwa nini si wizi.

Maji pekee ndani ya Kobe ni ya kuoshea kioo, na hayo hurushwa na upepo wa tairi la akiba. Nikafungua buti, nikabonyeza tairi. Lilikuwa laini kama mkate wa kumimina. Kichupa kikavu.

Ndipo Shangazi Mdogo akasogea na mrashi wake. Akanyunyiza marashi juu ya kiti kama anavyonyunyizia wageni: kulia, kushoto, kulia, na adabu zake zote. Moto ukasema tsss, ukanukia, ukaendelea. Kilichosaidia ni mchanga. Bodaboda walivua helmeti, wakachota mchanga wa kando ya barabara, wakamwaga mpaka ndani ya Kobe pakawa ufukwe.

Moshi ulipopungua nikakivuta kile kiti nje. Usumba ulikuwa umeungua duara, ukubwa wa sinia. Chini yake betri, kimya, imeyeyuka pembe moja. Nikajizungushia kanga ya Shangazi wa Kati mkononi, nikachomoa waya, nikaishika betri niinyanyue. Plaiwudi ikalia kidogo. Halafu betri ikaondoka mkononi mwangu, ikapita kwenye sakafu, ikatua kwenye lami katikati ya magurudumu: pu.

Umati wote ukainama kuchungulia chini ya gari. Kijana mmoja mwenye beseni la machungwa ya Muheza akainuka wa kwanza, mikono juu.

"Kobe katagaaa!"

Walicheka mpaka abiria wa basi la Arusha wakateremka kuuliza. Bwana harusi naye akacheka, kisha akakumbuka anaoa. Akapanda bodaboda, joho linapepea, upanga juu kama bendera, akatokomea kuelekea Pongwe. Shangazi wakachukua bajaji. Mimi nikawaachia vijana elfu tano wamlinde Kobe na yai lake, nikafuata kwa bajaji ya pili nikinuka marashi na mpira ulioungua.

Nilikuta ndoa imeshafungwa. Upande wa wanawake Shangazi Mkubwa alikuwa ameketi mahali pa heshima, mgongo umeegemea ukuta kabisa, mkoba ameuziba nyuma, na baadaye nilielezwa kwa nini hakuinuka hata wakati wa kucheza: buibui lilikuwa na tundu la duara, ukubwa ule ule wa kwenye kiti. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi alikuwa amemwinamia, ananusa bega lake, amefumba macho.

"Shoga, udi gani huu? Una kama moshi wa nazi, una kama waridi... sijawahi kuunusa."

Nilikuwa mlangoni nimeleta kapu la vileja lililosahaulika kwenye bajaji. Shangazi Mkubwa akaniona. Akanitazama sana. Kisha akamgeukia yule mama.

"Huu haupatikani Unguja wala Mombasa," akasema. "Huu wa Kijerumani."

"Niagizie tola mbili," akasema yule mama.