Farman Goliath: ndege ya vita iliyopewa abiria

Farman F.60 Goliath haikubuniwa kubeba abiria. Ndugu wa familia ya Farman, watengenezaji ndege wa Ufaransa, waliichora mwaka 1918 iwe ndege ya mabomu, yenye uwezo wa kubeba takriban kilo 1,000 kwenda mbali, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha Novemba kabla haijaanza kazi. Kiwanda kikabaki na ndege kubwa isiyo na mteja. Mahali pa mabomu pakawekwa viti, sehemu moja puani na nyingine nyuma, abiria 12 hadi 14. Wapo wanaoihesabu kuwa mwanzilishi wa safari za ndege Ulaya, na wapo wanaosema ilikuwa masalia ya vita yaliyosukumiwa kazi isiyo yake. Kwangu mimi, kila upande una haki, ila kwa miaka tofauti.

Tuanze na sifa zake. Tarehe 8 Februari 1919 rubani Lucien Bossoutrot aliirusha kutoka Toussus-le-Noble, karibu na Paris, hadi Kenley, nje ya London, akiwa na watu 12. Walikuwa wanajeshi, kwa kuwa raia walikuwa hawajaruhusiwa kuruka. Safari ilichukua saa mbili na nusu. Mwezi Machi 1920 kampuni ya Grands Express Aériens ilianza kuitumia kati ya Le Bourget, uwanja wa ndege wa Paris, na Croydon, ule wa London, na muda si mrefu Goliath ikawa ndege ya kila siku kwenye njia kuu za Ulaya Magharibi. Hapo asili yake ya vita iliifaa: mwili uliopangwa kumeza mabomu ulikuwa mpana kiasi cha abiria kukaa kwenye viti vyao wakitazama nje kupitia madirisha makubwa. Aliyeteseka ni rubani. Kiti chake kilikuwa wazi, kati ya vyumba viwili vya abiria, mvua na baridi vikimpiga usoni.

Wakosoaji huilinganisha na Junkers F 13 ya Ujerumani, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1919: ya chuma tupu, bawa moja kila upande, iliyobuniwa kwa ajili ya abiria tangu mwanzo. Goliath ilikuwa ya mbao na kitambaa, mabawa juu na chini yakishikwa na nguzo na nyaya. Muundo huo uliinua mzigo mkubwa bila uzito mwingi na kuiwezesha kutua polepole, lakini nguzo na nyaya zilikokota hewa. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa kilomita 120 hivi kwa saa, kwa hiyo upepo wa mbele wa kilomita 40 ulimeza theluthi ya mwendo wote. Na injini zake mbili za Salmson, nguvu farasi 260 kila moja, hazikuwa kinga kama watu walivyodhani. Mzigo ukiwa kamili, injini moja ikizimika, rubani alianza kutafuta shamba la kutua. Hata hivyo F 13 ilichukua abiria wanne tu. Aliyetaka kuwavusha watu kumi na wawili mwaka 1920 hakuwa na uchaguzi mpana.

Ajali ya 7 Aprili 1922 hutajwa sana dhidi yake, na hapo naona inaonewa. Goliath moja iligongana angani na de Havilland DH.18 ya Uingereza huko Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, watu wote saba wakafa. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zote mbili zilikuwa zikifuata barabara ileile kwa kuitazama kutoka juu. Kosa lilikuwa la utaratibu wa safari, na baada ya msiba huo ndipo marubani wa njia ile walipopangiwa kushika upande wao.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Serikali ya Ufaransa ililipa kampuni zake za ndege ruzuku kubwa, hata kampuni za Uingereza zikasimamisha safari Februari 1921 kwa kushindwa kushindana, na London nayo ikalazimika kutoa ruzuku mwezi uliofuata. Bila fedha hizo Goliath isingedumu, na njia ya Paris hadi London ingekufa changa. Mpaka hapo naiunga mkono. Lakini Air Union, kampuni ya ndege ya Ufaransa iliyozaliwa mwaka 1923 kwa kuunganisha kampuni mbili, iliendelea kuzirusha karibu mpaka mwisho wa miaka ya 1920, wakati Imperial Airways ya Uingereza tangu 1926 ilikuwa na ndege ya Argosy yenye injini tatu. Ni kweli baadhi ya Goliath ziliongezewa injini zenye nguvu zaidi. Mbao, kitambaa na mchoro wa 1918 vilibaki vilevile. Ruzuku iliyofungua njia ilipaswa kufungwa sharti la kununua ndege mpya, na walioachwa kubeba hatari ya kuchelewa huko ni marubani na abiria waliolipa nauli.