Njia ya Baiskeli Isiyo Kwenye Mpango wa Msitu Haina Mwenyewe

Waendesha baiskeli za milimani wengi hapa Kenya huamini kwamba njia waliyoipita miaka kumi imeshakuwa yao. Uingereza imani hiyo ina msingi: umma ukipita mahali miaka 20 bila kificho, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, Sheria ya Barabara Kuu ya 1980 inaweza kupafanya njia ya umma. Kwetu ardhi ya serikali haichukuliwi kwa kuizoea. Pita msitu wa Ngong Road hata miaka 30, siku shoka likiingia huna pa kusimamia.

Ndiyo maana barua ya kuomba “njia yetu itambuliwe” haifiki mbali. Mlango wenyewe uko kwenye Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Chama cha jamii cha msitu, CFA, huingia mkataba na KFS, yaani Huduma ya Misitu Kenya, na miongoni mwa haki za matumizi zinazoweza kuandikwa humo ni utalii wa mazingira na burudani. Baiskeli inaingia hapo, jirani na asali, kuni na majani ya ng'ombe. Sajilini kikundi kwanza; sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu 10 au zaidi, katiba na muhtasari wa kikao. Kisha mjiunge na CFA kama kikundi cha watumiaji.

Hapa ndipo wengi hukwama, na kusema kweli ni kwa sababu ya majivuno. Mwenye baiskeli ya laki tatu hataki kukaa benchi moja na mama wa kuni. Anataka amalizane na foresta peke yao. Foresta huhamishwa. Wa CFA hawaendi popote, na ndio watakaoulizwa mpango shirikishi wa msitu, ule wa usimamizi unaoandikwa na KFS pamoja na jamii, utakapoandikwa upya.

Kwenye mpango huo, kinachohesabika ni ramani. Rekodini njia kwa simu, iwe faili la GPX (linalohifadhi alama za mlikopita), lakini mpite mara mbili siku tofauti kwa sababu chini ya miti mikubwa simu hupotoka mita kadhaa. Iwekeni juu ya ramani ya kompatimenti, yaani vipande ambavyo msitu umegawanywa. Ikikatiza mikaratusi iliyokaribia kuvunwa, choreni kabisa njia ya kando, maana trekta la magogo halibagui. Ikikaribia mto, isogezeni: kanuni za ubora wa maji zinalinda ukingo kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, na ujenzi humo bila tathmini ya mazingira ni kosa.

Kitakachowashawishi maafisa, hata hivyo, ni njia isiyomomonyoka. Wastani wa mwinuko usizidi asilimia 10, yaani mita 10 kwa kila mita 100, na usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Ukizidi, maji huacha kuvuka njia na kuifuata kama mfereji. Upana wa sentimita 60 hadi 90 unatosha. Uso uinamie bondeni kwa asilimia 5 hivi, na kila baada ya mita 15 hadi 30 njia ishuke kidogo na kupanda tena, maji yatoke hapo. Kosa la kawaida ni kuacha tuta la udongo ukingoni baada ya kuchimba. Linaonekana nadhifu, lakini mvua moja tu kwenye udongo mwekundu na mnapata korongo. Liondoeni kwa reki na jembe, udongo mtawanye mbali.

Halafu kuna wale wa kujenga gizani majukwaa ya kurukia baiskeli, wakikata mizizi. Jukwaa moja la namna hiyo linampa foresta sababu ya kufunga kilomita 12 zilizo safi. Kikundi ndicho kilibomoe, kabla ya renja kufika.

Na mvua ndefu zikikolea, fungeni wenyewe. Tairi likiacha alama ya kina cha sentimita 2, leo hakuna kupita, hata kama kuna mashindano Jumamosi.