Mama, Sijafungwa: Ukweli Kuhusu Lile Tuta la Uyole

Jana saa kumi na moja alfajiri mama kanipigia simu kutoka Temeke. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia. Kauliza tu, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala: "Mwanangu, wamekuachia?"

Nikamwuliza nani waniachie. Akaangua kilio.

Sasa sikilizeni. Najua rekodi imewafikia. Yule jamaa yangu ninayeshirikiana naye kibanda cha simu Mwanjelwa, hapa Mbeya, amekaa chini, akarekodi dakika nne nzima, akaitupa kwenye kundi la tuliosoma wote, na kabla ya usiku kuingia ilikuwa imeshavuka Mikumi: "Mwana kadakwa na tuta zima la bangi Uyole, mbele ya mtendaji wa kata." Ukimchambua neno kwa neno hakudanganya sana. Tuta lilikuwepo. Uyole ni kweli. Mtendaji alikuwepo, na faili lake kwapani. Neno moja tu ndilo alilolimeza, nalo ni "mwitu". Bangi mwitu. Bangi mwitu si bangi, wadau. Ni gugu. Linaota kila mahali huku Nyanda za Juu, hata pembeni ya ofisi ya kata yenyewe limejaa.

Haya, ngojeni niwaambie mwenyewe, maana mkiambiwa na yule mtasikia mpaka pingu.

Mlionifuata tangu kisa cha nyuki na keni ya kumwagilia mnakijua kikundi chetu cha bustani. Kiwanja cha mtaa, matuta ishirini na kitu, mboga zinakwenda kwa wazee na wagonjwa, ziada inauzwa tunanunua mbegu. Jumamosi asubuhi tunalima, saa nne kuna chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Nisiwafiche, mimi nilijiunga kwa ajili ya viazi.

Na jingine mlijue mapema, maana ndilo utetezi wangu wote: mimi ni mtoto wa Temeke. Karoti ninayoijua mimi inakaa kwenye beseni sokoni Tandika, imeoshwa, imepangwa mafungu, haina jani hata moja. Miaka thelathini na mbili nimekula karoti na sijawahi kujiuliza kichwani ina nini.

Mwezi wa nne, mvua zilipoanza kulegea, akina mama wakapanda karoti. Sikuwa najua kwamba karoti haikuziwi kitaluni ikahamishwa kama kabichi. Ukiihamisha mzizi unapinda, unakuja kuvuna kitu chenye miguu miwili kama suruali. Inasiwa palepale tutani. Mbegu zenyewe ndogo, ukipiga chafya umepoteza ekari, kwa hiyo wanazichanganya na mchanga, wanazimimina kwenye vifereji, wanafunika na nyasi, halafu ni kusubiri. Wiki moja hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu. Inaweza kufika ya tatu ndipo vinachungulia.

Aliyesia ni Bibi Sungura. Tunamwita hivyo kwa sababu anafuga sungura kumi na mmoja, na ana majina yao wote. Alipiga magoti kwenye lile tuta siku mbili, kwenye baridi, akamimina kwa vidole vyake, naye goti la kulia ni bovu. Hilo goti mlikumbuke.

Katikati ya mwezi wa tano watu wakaanza kutawanyika. Huku kwetu ukifika wakati huo kila mtu ana shamba lake mahali: maharage yanangoja, viazi vinangoja, mahindi yanafuata. Mama Mwenyekiti anakwenda Isyonje kuchimba viazi. Kabla hajaondoka akauliza nani atabaki na tuta la karoti.

Mkono ukanyooka. Nikautazama, nikaona ni wangu.

"Ng'oa magugu, mwanangu," akasema, "halafu upunguze. Acha vidole vitatu kati ya mche na mche."

Nikamwambia vidole ni mambo ya zamani, mimi nitatumia rula. Jamani, niliyasema haya mbele za watu.

Kufika tutani nikakuta wakazi wa aina mbili. Wa kwanza wembamba, wanyonge, majani yao kama manyoya ya kifaranga aliyenyeshewa. Wa pili wana afya, shina limesimama lina wekundu kidogo, majani yamepangana pande mbili yana meno kama msumeno, na ukiyagusa yanatoa harufu kali mpaka mkono unanukia hadi jioni. Nikajiuliza: hapa nani mwenye nyumba na nani mpangaji? Kwetu Temeke jibu ni rahisi. Mwenye nyumba ndiye mnene.

Basi nikawang'oa wapangaji.

Siku mbili na mimi nilipiga magoti. Kila chembamba kilichochungulia nilikitoa na mzizi wake, na vingine vilikuwa tayari na kamzizi kadogo kenye rangi ya chungwa chungwa, nikasema moyoni, loo, hata magugu ya Mbeya yanapendeza. (Acheni. Najua. Mmeshaniambia.) Waliobaki nikawapima kwa rula ya mwanafunzi, sentimita tano, tano, tano. Ukisimama kichwani mwa tuta ungedhani ni gwaride.

Na kwa kuwa mimi si mtu wa kutupa vitu ovyo, yale niliyong'oa nikayajaza kwenye ndoo, nikampelekea Bibi kwa ajili ya sungura wake. Ndoo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Bibi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu. Hawa hawajawahi kula hivi. Majani gani haya?"

"Magugu tu, Bibi."

Kwa mwezi wa sita wote nilikuwa mkulima. Wenyeji wenyewe wamejifunika mablanketi, mimi saa kumi na mbili asubuhi nipo na gambuti na koti la mtumba la soko la Sido, namwagilia, natia samadi, naongea nayo. Na stetasi kila siku: "Karoti zinasonga." "Karoti zinanisalimia." Picha kwa karibu, jani limeshika umande, mlima Loleza unaonekana kwa mbali nyuma. Kuna mmoja aliniuliza, "Kaka, hizo karoti zinaliwa au zinavutwa?" Nikamzuia asione tena stetasi zangu. Mama Mwenyekiti yeye ana kiswaswadu, stetasi hana. Bibi na lile goti hatoki nyumbani. Wengine wakipita wanapita mbali, na tuta lenyewe lilikuwa nyuma ya mahindi yaliyoachwa yakaukie shambani. Mungu alinificha wiki sita. Halafu mahindi yakavunwa.

Jumamosi iliyopita bwana shamba alikuja kuangalia mboga gani zinafaa kupelekwa Nane Nane, maonyesho ya wakulima. Nane Nane yetu inafanyika viwanja vya John Mwakangale, palepale Uyole, maana yake ukiaibika huna hata nauli ya kukuondoa kwenye aibu. Tukajipanga. Mtendaji wa kata akaja. Bibi akaletwa kwa bodaboda, akawekewa kiti na blanketi magotini. Jamaa yangu wa kibandani nilimwita mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, aje anipige picha.

Chainizi ikasifiwa. Vitunguu vikasifiwa. Bwana shamba akafunua ukurasa mpya kwenye daftari. "Na karoti?"

Nikasema, "Nifuateni."

Naomba hapa twende polepole, kwa sababu mimi tangu Jumamosi kila nikifumba macho naiona polepole.

Tumekata kona ya mabua. Mimi mbele. Nimeinua mkono hivi, kama mtu anayefungua pazia. Tuta langu limesimama: mistari minne imenyooka, kijani kibichi, zinanifika kiunoni, na juu zimeanza kuweka vitumba vya maua. Nikasema, na sauti ipo kwenye video, "Hapa nimetumia vipimo vya kitaalamu."

Kimya. Nikadhani ni heshima.

Bwana shamba akatazama tuta. Akanitazama mimi. Akatazama tuta. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Kijana," akasema taratibu, kama mtu anayeongea na ng'ombe aliyeingia dukani, "hizi ni nini?"

"Karoti, mtaalamu."

"Ng'oa moja tuione."

Nikachagua kubwa kuliko zote. Nikaishika shingoni. Haikuja. Nikaongeza mkono wa pili. Haikuja. Nikamwambia mtendaji, "Mnaona uzito huo?" Nikatanua miguu, nikavuta pumzi, nikavuta kwa nguvu zote alizonipa mama yangu. Ikaja kwa ghafla. Nikarudi nyuma hatua tatu, gambuti moja ikabaki tutani, nikakaa chini kwenye samadi na mti wangu nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Udongo ukanimwagikia shingoni. Ile harufu ikatanda.

Nikatazama chini ya shina. Kulikuwa na mizizi. Myembamba, mingi, imetawanyika kama ndevu za mzee. Nikaipangua kwa vidole kutafuta karoti ilikojificha. Ndiyo, niliitafuta. Watu wote wamesimama, mimi nimekaa na soksi moja, nachambua ndevu.

"Labda," nikasema, "hii ni dume."

Mtendaji akajifunika uso kwa faili. Faili likawa linatikisika.

Bwana shamba ni mtu mwema, hakucheka. Alijaribu kuniokoa. Akaeleza kwamba hii ni bangi mwitu, asili yake Amerika Kusini, kwamba mche mmoja ukiachwa unamwaga mbegu kwa maelfu, lakini kwamba ina faida yake, mizizi yake inapunguza minyoo fundo kwenye udongo. "Kwa hiyo si hasara tupu," akasema. "Tuta hili sasa linafaa sana kwa karoti."

"Karoti zipi?" akauliza Mama Mwenyekiti.

Nikadhani hapo ndipo mwisho. Nilikuwa naanza hata kuinuka. Ndipo nikasikia sauti ndogo kutoka kwenye kiti.

"Mwanangu."

"Naam, Bibi."

"Yale majani ya sungura. Yalikuwaje?"

Niliwaza kudanganya. Niseme ukweli, niliwaza. Lakini ndoo ilikuwa ya kwake, na wale sungura wamenenepa kama mito. Nikasema, "Membamba, Bibi."

"Membamba vipi?"

"Kama... manyoya."

"Na mizizi?"

Nikatazama soksi yangu. "Ilikuwa na kama uchungwa chungwa hivi."

Hakuna aliyepumua. Kuna gari la mizigo lilikuwa linapandisha barabara ya Tukuyu, nilisikia kila gia. Bibi akaliangalia lile goti lake la kulia. Akalipapasa kidogo juu ya blanketi, kama anayeliomba radhi. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniua: "Kumbe nilipiga magoti siku mbili kuwapandia sungura."

Hapo watu wakaanguka. Si kucheka, kuanguka. Mama mmoja alishika mgomba. Mtendaji aliliacha faili likadondoka, karatasi za kata zikapeperuka na upepo wa Uyole, na watu wanazikimbiza huku wanalia machozi. Jamaa yangu alishindwa hata kushika simu, video yote ya mwisho ni gambuti langu peke yake limesimama tutani.

Yaliyofuata ni mafupi. Niling'oa tuta zima siku ileile, jioni, gizani, kabla hazijamwaga mbegu. Nimetozwa faini ya kilo tano za karoti kwa wazee, nikazinunua sokoni Uyole, na yule mama muuzaji alikuwa ameshaisikia rekodi, akanifungia na kusema, "Hizi hazina majani, usiogope." Nane Nane tutapeleka chainizi na vitunguu, kwa sababu karoti inataka karibu miezi mitatu na tarehe nane mwezi wa nane haitusubiri. Jumatatu akina mama wamesia upya. Bibi alikataa kubebwa mgongoni, akapiga magoti tena, ila safari hii nilikuwa nimemtandikia gunia, na hakuniruhusu kugusa hata mchanga. Tuta limezungushiwa kamba. Kuna kibao kimeandikwa KAROTI kwa makaa, na mtu, simjui nani, amechora pembeni sungura amesimama na rula.

Mimi nimehamishiwa kwenye toroli la samadi. Sungura nao nasikia wamegoma, ukiwapa majani ya kawaida wanayageuzia mgongo, na jana Bibi kamtuma mjukuu wake kuniuliza kama mwaka huu nitapalilia tena.

Mama, kama kuna mtu anakusomea hii: sijafungwa, na sijavuta chochote. Nipige mchana, asubuhi niko kwenye toroli.