Bahari Ilikuwa ya Jirani

Naona Kipaza ameshafika huku kabla yangu, kawasimulia kwamba nimetapeliwa kiwanja cha ufukweni Kigamboni, nikauza pikipiki, nikalia. Nimeamka na meseji kumi na mbili za pole, mmoja ananiuliza kama nimeshafungua jalada polisi Kigamboni. Jamani, sijatapeliwa Kigamboni. Sijauza pikipiki. Na wala sikulia, yale yalikuwa mafua. Acheni niseme mwenyewe, maana ile ya Kipaza ina chumvi ya kukausha papa mzima.

Kiwanja nilinunua Second Life. Kwa mliozaliwa juzi: ni ulimwengu wa kwenye kompyuta, Wamarekani waliufungua 2003. Watu wanatembea humo kwa vikaragosi, wanajenga, wanafungua maduka, wengine wanaoana kabisa. Wana pesa yao, dola ya Linden. Dola moja ya kweli unapata za humo kama 250. Na ardhi inauzwa kwa mita za mraba, halafu kuna ada za kulipa juu yake. Ndiyo, kodi ya chumba Tabata nachelewesha, ila ada ya ardhi isiyoshikika nalipa kwa wakati. Haya, chekeni mmalize.

Kiwanja chenyewe mita za mraba 512, yaani 16 kwa 32. Nilitoa Linden 9,000, karibu laki moja ya kwetu. Mbele bluu tupu mpaka macho yachoke. Jua la humo unalipanga mwenyewe, na mimi langu nililisimamisha palepale linapozama, lisiende wala lisirudi. Nikanunua na mashua yenye tanga. Ila mashua ilikuwa na ugonjwa: nikiiegesha majini, baada ya dakika chache haipo. Naikuta kwenye kabati la vitu vilivyopotea, na ujumbe kwamba imerudishwa kwa mwenyewe. Nikasema intaneti ya bando ndogo hiyo. Naiegesha tena. Wiki mbili nzima naegesha, narudishiwa, naegesha. (Wewe unayejua inakoelekea, kaa kimya, waache wenzako wafike.)

Kosa la pili ni mdomo. Nilimpigia Mama nikamwambia, "Mama, nimepata kiwanja cha ufukweni." Nilidhani nimemweleza vizuri kuwa ni cha kwenye kompyuta. Jumapili akaja amevaa kitenge kipya, kandambili mkononi kwa ajili ya mchanga, na Mjomba nyuma yake. Mjomba ni dalali wa viwanja, miaka ishirini na kitu. Kipaza naye akaja, kanusa pilau.

Mama anauliza, "Gari linatoka saa ngapi, mwanangu?"

Nikawakalisha mbele ya TV, nikachomeka waya wa kompyuta.

Mama alitazama weee. "Kiko ndani ya hii?"

Mjomba yeye hakushangaa hata kidogo, akaingia kazini moja kwa moja. "Mpwa, bikoni ziko wapi?" Nikamwambia huku hakuna bikoni, hakuna mawe ya mpaka. "Urefu?" Mita 32. Akatingisha kichwa. "Sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka baharini hujengi kitu cha kudumu. Kiwanja chako chote kimo humo. Hapa hata choo hujengi." Nikasema huku choo hakihitajiki. Mama akaguna.

Ili kuokoa hali, nikaegesha mashua, nikamkalisha kikaragosi wangu ndani. Mtanashati, shati jeupe, anatabasamu, jua linazama mgongoni. Hata mke wangu akasema, "Kweli pazuri." Hiyo sentensi niliisubiri wiki mbili.

Hapo ndipo akatokea paka. Paka wa kusimama wima, ana mabawa na tai shingoni. Akaja juujuu, akasimama hewani juu ya maji, akanyoosha mkono kama anahubiri.

Kipaza: "Huyo nani?"

"Jirani."

Maji mbele ya mashua yakatoa uvimbe. Nikadhani ni wimbi. Uvimbe ukawa wa kijani, ukaota majani. Pembeni yake ukatoka mwingine. Ikawa kama mtu yuko chini ya shuka anapanda magoti, goti moja, la pili, na kila goti likipanda bahari inarudi nyuma. Sebuleni hakuna anayetafuna. Ardhi ikaifikia mashua, lakini mashua haikunyanyuka nayo! Ilibaki palepale, udongo ukapanda ndani yake. Ukafika kwenye viti. Ukafika kiunoni kwa kikaragosi wangu. Nabonyeza asimame, kompyuta imeganda. Kifuani. Mabegani. Ukasimama shingoni. Kichwa peke yake kwenye nyasi, nywele zimechanwa vizuri, bado kinatabasamu. Na jua bado linazama.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu amezikwa."

Kipaza alikuwa anarekodi. Sasa mnajua.

Kumbe humo kwa kawaida maji yamelala kwenye usawa mmoja, mita 20. Ukichimba ardhi yako chini ya hapo, bahari inatokea yenyewe bila ndoo wala mvua. Ukiinua, inaondoka. Paka alikuwa na shamba kubwa, akalichimba likajaa maji, akamega kipande cha pembeni, akakiuza kwa mtu mwenye laki moja na akili za mchana. Mashua yangu nilikuwa naegesha kwake, na shamba lake lilikuwa linanirudishia kwa adabu kila mara. Kuna hata kitufe cha kuonyesha wenye ardhi kwa rangi, yako kijani, ya wengine nyekundu. Nilikibonyeza Jumatatu. Bahari yote nyekundu.

Nilimwandikia. Akajibu kistaarabu kwamba tangazo lilisema "maji pembeni", na siku nanunua yalikuwepo pembeni. Sasa amejenga duka la viatu, ukuta wake ndio upeo wangu wa macho. Mke wangu hajasema neno, ila akipita na ndoo ya maji ananiuliza kama nimeshaikagua ni ya nani. Mama karudi kwake na kandambili zake hazijaguswa.

Mjomba kapiga leo asubuhi. Nikajua ni pole.

"Mpwa, kile kiwanja chako, sasa hivi bahari iko umbali gani? Kama imefika mita 60, nina mteja."