Daftari la haramia

Ukiuliza barazani kwa nini Wasomali waliingia uharamia, jibu linakuja kabla hujamaliza swali: meli za kigeni ziliwaibia samaki. Ni kweli. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, bahari ile ilibaki haina mwenyewe, wenye nyavu kubwa wakaingia wakakomba. Boyah wa Eyl, kule Puntland, kaskazini-mashariki mwa Somalia, alikuwa mzamiaji wa kamba koche kabla hajawa haramia. Mtu kama huyo namwelewa.

Lakini MV Faina, iliyotekwa Septemba 2008 ikija Mombasa, ilikuwa na vifaru vya kivita 33. Hapo samaki wameingiaje? Kazi ilikwisha kupata matajiri, kwa maana ileile ya wavuvi wa kwetu: mwenye boti, injini na mafuta, ambaye miguu yake hailowi ila fungu lake linatoka kwanza. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba wenye mtaji walichukua asilimia 30 hadi 50 ya kikomboleo. Kijana wa kawaida alipata dola 30,000 hadi 75,000, na aliyetangulia kuparamia meli akaongezewa.

Kwa kijana wa Hobyo, mji wa pwani ya Somalia, hiyo ni mahari, nyumba na gari. Mimi simshangai aliyekwenda.

Ila hiyo ni kabla daftari la madeni halijafunguliwa. Meli ikikaa nangani miezi kadhaa, mlinzi anakula kwa mkopo na kutafuna miraa kwa mkopo, miraa hiihii inayopaa kutoka Nairobi, tena kwa bei ya kuruka. Akisinzia zamu, faini. Akimpiga baharia mateka, faini. Fedha zikishadondoshwa kwa parachuti ndipo anasomewa anachodaiwa.

Wanaosifia manowari peke yake, kwamba ndizo zilizopunguza uharamia, wananichosha kidogo. Manowari, na zaidi walinzi wenye bunduki ndani ya meli, zilifanya safari nyingi zirudi patupu, sawa. Lakini kurudi patupu kunauma zaidi ukiwa na deni, na nyumbani masheikh wanasema fedha hizo ni haramu. Mahari ya haramu unampelekea baba wa nani? Boyah alitangaza kuacha mwaka 2009 baada ya kukaa na masheikh. Mwaka uliofuata alikamatwa hata hivyo.

Afweyne, tajiri mkubwa, yeye alistaafu Januari 2013 kwa kuwaita waandishi wa habari. Oktoba akanaswa Brussels, akidhani ameitwa kusaidia kutengeneza filamu ya maisha yake. Wadogo hawakuita waandishi. Waliacha kwa kutorudi tu.

Na wengine wakaanza upya. Desemba 2023 ilitekwa MV Ruen, na Machi 2024 maharamia 35 wakajisalimisha kwa wanamaji wa India. Nilipoona picha yao, wamekaa sitahani chini ya ulinzi, niliwaza ni wangapi kati yao walikuwa bado wanadaiwa miraa, na tajiri wao usiku ule alikuwa amelala wapi.