Sahani za Kuangaliwa

Nyumba yangu hapa Manyatta, Kisumu, ina sahani za aina mbili, na zote mbili ni za kuangaliwa tu.

Za mama watoto ziko kwenye kabati la kioo. Zina maua ya zambarau na ukingo wa rangi ya dhahabu. Alizawadiwa siku ya harusi, na tangu siku hiyo hazijawahi kukutana na ugali. Ni za wageni. Wageni gani, mimi sijui, maana pasta amekuja hapa mara nne na akala kwenye sahani za plastiki kama sisi. Nilipouliza nikaambiwa, "Baba Stacy, pasta si mgeni, pasta ni mtu wa nyumbani." Basi tunangoja. Labda siku moja Rais atapotea njia akielekea uwanja wa ndege.

Zangu ziko chini ya kitanda, kwenye katoni ya sabuni. Hizo ni sahani za santuri, zile ndogo za kuzunguka mara 45 kwa dakika, benga tupu, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, ya miaka ya sabini. Na zangu zilikuwa za kutumika. Nasema zilikuwa.

Sikuanza kwa tamaa, mnisikilize kwanza kabla hamjanihukumu. Jumapili moja nilitumwa soko la Kibuye nilete omena na nyanya. Mnaijua Kibuye ya Jumapili, unaingia na orodha unatoka na kitu kingine. Nikamkuta mama mmoja ametandaza gunia lenye redio mbovu, pasi ya makaa na viatu vya mguu mmoja mmoja, na kwenye kona, sahani. Ya juu ilikuwa ya Shirati Jazz, bendi ya D.O. Misiani. Nikasimama kama nimeitwa na marehemu baba, kwa sababu Misiani ndiye aliyekuwa saa ya nyumba yetu: akianza kuimba kwa baa ya jirani, tulijua mzee hatarudi kabla ya saa nne. Hamsini kwa kila sahani. Nikanunua sita, nikarudi nyumbani bila omena. Jioni hiyo tulikula sukuma kavu bila hata muziki, maana mtambo wa kuzichezea sikuwa nao.

Mtambo niliupata miezi miwili baadaye kwa mwalimu mstaafu wa Ahero. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo hatukutoa pesa: yeye alichukua cheni na sproketi mpya, mimi nikabeba mtambo magotini ndani ya matatu, abiria wakinitazama kama niliyebeba jeneza la mtoto.

Lakini raha, jamani! Ijumaa jioni nikifunga duka, nanawa grisi, nakaa. Sindano inashuka, inakwaruza kidogo kama mtu anayesafisha koo, halafu gitaa hilo linaingia. Wanaosema benga ilirithi nyatiti, kinubi cha Wajaluo, hawakukosea, ungeapa zile nyuzi nane zimehamia ndani ya gitaa zikapewa umeme. Mwimbaji anataja watu wa kijijini mmoja mmoja, huyu amesifiwa, yule amesutwa, kisha ananyamaza awaachie magitaa yakimbie. Bega linaanza kutikisika lenyewe. Na hapo hapo, kwaaa, upande umeisha! Maana nyingi za sahani hizi wimbo ni mmoja umekatwa mara mbili, sehemu ya kwanza huku, ya pili kule nyuma. Unainuka na tonge mkononi kugeuza. Mama watoto alisema ule ndio mchezo wa pekee wa mazoezi aliowahi kuniona nikifanya.

Nikaongeza, kumi, ishirini, hadi arobaini na moja. Na kila niliyonunua niliitia jina kwa kalamu ya wino, katikati pale kwenye karatasi ya lebo: MALI YA BABA STACY. Ndivyo baba alivyofanya na kila kitu chake, hadi jembe. Mtaani kwetu kitu kisicho na jina ni cha wote.

Sasa shemeji akaja kutoka Nairobi.

Shemeji yangu ni wale watu ambao hawawezi kuona kitu bila kukiuliza bei. Ukimwonyesha jua likizama ziwani atakuuliza ploti ile ni ya nani. Alikaa hapa, akasikiliza upande mmoja, hata haujaisha akatoa simu. "Shem, unajua unakalia nini?" Kochi, nikamjibu. Akanionyesha Discogs, ule mtandao wa sahani za dunia nzima. Mle ndani kuna watu wa Ulaya na Marekani wanaotafuta benga kuliko sisi wenyewe. "Muziki huu ulifika Zimbabwe wakauita kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo aliyeutoa na kuusambaza," akasema, kana kwamba alikuwepo. "Na wewe unauchezea kwa vidole vya samaki!"

Kisha akataja bei ya moja. Kwa yuro. Nilipoibadilisha kuwa shilingi nikaweka tonge chini.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo sikusikia muziki tena. Nilisikia sindano ikila pesa. Kila mkwaruzo, mia mbili zimeenda. Geuza upande, mia tatu. Nikafunika mtambo kwa kitambaa cha kudarizi. Sahani nikazitia kwenye mifuko ya plastiki, moja moja, nikazisimamisha wima kwa sababu niliambiwa zikilazwa zinapinda, na joto linazipinda zaidi. Joto! Kisumu! Chini ya mabati! Nikawa nahamisha katoni kufuata kivuli kama mchungaji: asubuhi chini ya kitanda, mchana korido, jioni karibu na mtungi wa maji. Stacy alipoigonga kwa mguu nilipiga kelele ambayo majirani walikuja kuuliza nani amekufa.

Usiku najifunza lugha yao. Hawa watu wa sahani wana Kiingereza cha kinyume. Wakiandika kwamba sahani ni nzuri, maana yake ni mbovu, inakwaruza mwanzo hadi mwisho. Wakiandika nzuri sana, bado ina kelele, unavumilia tu. Nikiwauzia wateja wangu breki kwa lugha hiyo ningekuwa gereza la Kodiaga sasa hivi. Nikagundua pia, na hili shemeji hakulisema, kwamba bei aliyonitajia ilikuwa ya mtu anayeuza, si ya mtu aliyenunua. Mtandao huohuo unaonyesha sahani hiyo iliuzwa kwa ngapi mara ya mwisho. Nilipotazama nikaona ni kama robo. Kuomba ni bure, hata mimi naweza kuomba milioni kwa kandambili hii. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia, robo nayo ni pesa.

Habari haikai Manyatta. Kufikia wiki ya pili mlango wangu ukawa makumbusho. Mmoja kaleta cherehani ya nyanya yake, amesikia ndani kuna zebaki. Mwingine kaseti zilizotolewa utumbo. Mzee mmoja akanivuta kando, akafungua kitambaa taratibu kama anayeonyesha jino la dhahabu: sarafu ya shilingi arobaini, ile ya mwaka 2003 yenye Kibaki, ya miaka arobaini ya uhuru. Alitaka elfu nne. Nikamwambia mzee wangu, mimi nakumbuka arobaini hizo tukipewa chenji kwa matatu na kuzikataa. Akakunja kitambaa chake. "Basi endelea kuzikataa," akasema, "wenzako wanatajirika." Na mnajua nini? Usiku huo nilipekua droo zote nikitafuta yangu.

Mama watoto naye akapata nguvu. "Unaona? Mimi zangu sijazigusa miaka kumi na mbili. Wewe ulizichezea mpaka zikachakaa. Nani mwerevu?" Nikakosa jibu, kwani kwa mara ya kwanza tulikuwa dini moja. Tukakaa sebuleni, yeye akitazama kabati, mimi nikitazama katoni, kila mtu na sahani zake, chakula kwenye plastiki, redio ikitangaza vifo.

Mnunuzi alipatikana kupitia shemeji, bila shaka. Kijana mpole, ana tochi ndogo na glavu, glavu kama daktari. Nilimwandalia mtambo, nikafunua kitambaa, nikamwambia tuanze na ipi? Akasema hapana, haihitajiki kuzisikiliza. Mtu amesafiri usiku kucha kutoka Nairobi kununua muziki na hataki kuusikia! Akaiinua ya kwanza kwenye mwanga, akaigeuza, akanyamaza. Ya pili, akanyamaza. Ya tano akauliza kwa adabu, "Mzee, huyu Baba Stacy ni nani?"

"Ni mimi."

"Umejiandika kwenye zote?"

Nikamjibu kwa fahari, zote. Akazima tochi. Hapo ndipo nilipofundishwa kwamba mtu wa Ulaya anaweza kuvumilia kelele, anaweza kuvumilia kutokuwa na jalada, lakini jina langu hataki kuliona. Wino kwenye lebo unashusha bei. Mama watoto, aliyekuwa akileta chai (kwenye vikombe vya plastiki, hata huyu hakufuzu), alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Si zote, kumbe. Tatu hazikuwa na jina kwa sababu siku ile kalamu iliniishia wino. Hizo alizichukua kwa elfu moja na mia tano kila moja. Ndugu zangu, uvivu wa kutembea hadi dukani kununua kalamu ya shilingi ishirini ndiyo biashara bora niliyowahi kufanya maishani. Zilizobaki thelathini na nane akasema, "Hizi zako mzee, wewe zisikilize tu." Pesa zenyewe zilikwenda kwa ada ya shule kabla hazijapoa.

Lakini usingizi nilioupata usiku huo! Hazina bei! Ijumaa nikanawa grisi, nikatupa mifuko ya plastiki, nikamwambia Stacy aje hata aguse. Sindano ikashuka. Ikateleza. Nikairudisha, ikateleza tena hadi katikati, ikikoroma. Nikaitazama kwa tochi ya simu: ncha imelika, imebaki kisiki.

Jumamosi nikaenda kwa fundi wa redio mjini. Akavuta droo moja, nyingine, ya tatu, akatoa sindano ndani ya kijikaratasi kilichogeuka manjano. Elfu tatu na mia nane. Nikashika kifua. Sindano? Hata cherehani yenyewe ya yule jirani si bei hiyo!

"Mzee, hizi ni antika. Ni moja tu nimebaki nayo. Kesho utaikuta imepanda."

Maneno hayo nayajua, nayasema kila siku nikiuza kabureta za zamani. Nikaanza kubembeleza, nikamwambia habari za baba, za baa, za Ijumaa yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapunguza sauti.

"Kwanza niambie ukweli, mzee. Unainunua ya kutumia ama ya kuweka? Kwa sababu kama ni ya kutumia, hiyo ni bei ingine."